Ekseli Kubwa Si Ruhusa ya Lumbesa

Najua wengi wenu mlitegemea leo niendelee na ile stori ya bumu na foleni ya kafeteria, lakini naomba mnivumilie kidogo. Leo nina jambo zito, na nikisema zito namaanisha la kupimwa kwa tani. Nataka kuongelea ekseli ya nyuma ya pikapu. Wale wa lugha, sheria na sosholojia msifunge ukurasa jamani, maana likizo ikifika wote tunapanda hizo hizo, na wengi tunakaa juu ya magunia.

Kuna mtindo nimeuona kwetu Goweko, na washikaji zangu wa Sikonge na Mpanda wanasema hata kwao upo. Mtu ana pikapu lake la tani moja. Linabeba mzigo kuliko uwezo wake, springi zinalala, beringi zinalia, siku moja shafti inakatika. Mwenye gari anachoka. Anakwenda kwa fundi na kumwambia, "Nitafutie ekseli kubwa, nimechoka na hii ya karatasi." Inatafutwa ekseli ya gari zito zaidi, mara nyingi ya Land Cruiser, inakatwa hapa, inachomelewa pale, linatoka gari lenye kiuno kipya. Halafu kesho yake, badala ya magunia kumi, yanapandishwa kumi na nane. Ukiuliza unaambiwa, "Si tumeshaweka ekseli ya Land Cruiser?"

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda. Kubadilisha ekseli sina ugomvi nako, tena kwa barabara zetu naona ni jambo la maana. Ugomvi wangu uko kwenye hiyo "si tumeshaweka". Ekseli kubwa inaweza kukuokoa siku ya mabaya. Tani ya pili haikupi.

Kwa wasioijua Goweko: ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora mjini, upande wa Igalula, wilaya ya Uyui. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikuwa inapita Tura na Rubuga, pande zetu hizo hizo, na mzigo ulikuwa unakwenda juu ya mabega ya watu. Sasa hivi lami ya Itigi, Chaya, Nyahua hadi Tabora ipo. Lakini mahindi, tumbaku na asali havioti kwenye lami. Vinatoka porini, kwenye njia za mchanga na mbuga za udongo mweusi, na kinachovitoa huko ni baiskeli, trekta, toyo na pikapu. Kwa hiyo mtu asiniambie pikapu ni gari la starehe. Kwetu pikapu ndiyo lori, ndiyo basi, na usiku mama mjamzito akizidiwa ndiyo ambulensi.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe. Nitajitahidi kuongea kama tuko kijiweni.

Pikapu nyingi za tani moja, Hilux zikiwemo, zina ekseli ambayo shafti yake inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inazungusha gurudumu, na hapo hapo inabeba uzito wa gari. Gurudumu limefungwa kwenye kichwa cha shafti yenyewe, na beringi iko mdomoni mwa bomba la ekseli. Mpango huu ni mwepesi, ni rahisi kutengeneza, na kwa mzigo uliokusudiwa unadumu miaka na miaka. Lakini shafti ikikatika upande wa nje, gurudumu halibaki. Linaondoka na dramu lake la breki, linakupita, unaliona linakimbia mbele yako kama limetumwa dukani.

Ekseli za kazi nzito, kama za Land Cruiser za pikapu au zile Land Rover 109 za wazee wetu, zimepangwa vingine. Gurudumu limefungwa kwenye habu. Habu imekaa juu ya beringi mbili, na beringi hizo zimevikwa juu ya bomba la ekseli. Bomba ndilo linalobeba uzito wote, na shafti imebaki na kazi moja tu ya kuzungusha. Unaweza ukaichomoa shafti nzima na gari likaendelea kusimama kwa miguu yake minne. Ndiyo maana dereva wa Land Rover shafti ya nyuma ikimkatikia porini alikuwa anaichomoa, anatia gia ya magurudumu ya mbele, anarudi nyumbani taratibu. Wa pikapu la kawaida analala hapo hapo, akiwa na bahati.

Unaweza kuzitofautisha kwa macho tu. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona kichwa cha habu kimechomoza nje ya rimu kama kikombe kilichopinduliwa, na kina mduara wa nati ndogo ndogo, hiyo ni ya kazi nzito. Ukiona katikati ni bapa au pana kifuniko tu, basi shafti ndiyo inabeba. Na ndani ya difu nako kuna tofauti. Ile gia kubwa ya mviringo ya Hilux kipenyo chake ni kama inchi 8, ya Land Cruiser ni kama inchi 9.5. Inchi moja na nusu kwenye gia si mchezo.

Kwa hiyo mafundi wanaofanya kazi hii si wajinga hata kidogo, na nasema hivi kwa sababu hapa chuoni kuna tabia ya kumcheka fundi wa chini ya mwembe. Kuna watu wana shahada na hawajawahi kushika spana namba 19. Fundi wa mwembeni anajua kabisa ni wapi pikapu linavunjika, na ekseli ya Land Cruiser ni jibu sahihi la swali la "kwa nini gurudumu limetoka". Tatizo ni kwamba mwenye gari hakuuliza swali hilo. Yeye aliuliza "niongezeje magunia".

Na hapo ndipo hesabu zinakataa.

Uzito wa mzigo haukai kwenye ekseli peke yake. Unaanzia kwenye bodi, unaingia kwenye chesisi, unashuka kwenye springi, halafu ekseli, halafu rimu na tairi, mwisho ardhini. Ukiimarisha kiungo kimoja, kinachofuata kwa udhaifu ndicho kinachovunjika. Angalia tairi tu. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uzito. Tairi iliyoandikwa 98 inabeba kilo 750, iliyoandikwa 112 inabeba kilo 1,120. Sasa pikapu limefungwa ekseli ya kubeba tani mbili na zaidi, na chini yake kuna tairi mbili za mtumba zenye namba 98. Jumla kilo 1,500, na humo humo toa uzito wa nyuma wa gari lenyewe, toa na uzito wa ekseli mpya ambayo ni nzito kuliko ile ya mwanzo. Umebaki na nini? Huna hata ile tani moja ya kiwandani.

Chesisi nayo. Mmeshaona pikapu iliyopinda mgongo nyuma ya kebini, mlango haufungi vizuri na bodi linatazama mbinguni au limeinama nyuma kama kuku anayetaga? Hapo ekseli haikushindwa. Chesisi ndiyo imeshindwa, na hiyo hainunuliwi Gerezani ukabeba begani.

Halafu breki, jamani. Tuseme pikapu tupu ni tani 1.5. Ukiweka tani 1 unapata tani 2.5. Ukiweka tani 2 unapata tani 3.5. Kwa mwendo ule ule, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza imeongezeka kwa asilimia 40. Sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari inafanywa na breki za mbele, ambazo hakuna aliyezigusa. Za nyuma ni za Land Cruiser sasa, zina dramu kubwa na zinataka mafuta ya breki mengi zaidi, lakini silinda kubwa ya breki pale mbele ya dereva ni ile ile ya zamani. Dereva anakanyaga, pedeli inazama. Anasema breki "zimekuwa laini". Si laini bwana, mafuta yanayosukumwa hayatoshi!

Kuna na kale ka-vali ambako Hilux nyingi wanako kwa nyuma, kameunganishwa na ekseli kwa fimbo ya chuma. Kazi yake ni kupima bodi limeshuka kiasi gani, yaani gari limebeba au ni tupu, na kugawa nguvu ya breki za nyuma kufuatana na hapo. Ekseli ikibadilishwa, fimbo inakosa pa kufungwa. Kinachofuata mnakijua: inakatwa, paipu inaungwa moja kwa moja, "hii haina kazi". Siku ya mvua gari likiwa tupu magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza, pikapu linageuka kutazama lilikotoka, na kila mtu anasema dereva alikuwa amelewa.

Nisiwachoshe na mengine, nitayataja tu. Vile vikalio vya springi vinavyochomelewa juu ya bomba lazima vikae kwa pembe sahihi, la sivyo propela inatetemeka mpaka misalaba yake inakwisha. Kama gari ni la kuvuta magurudumu manne, uwiano wa meno ya difu ya nyuma lazima ufanane na wa mbele, vinginevyo ukiingiza gia ya mbele kwenye ardhi kavu unavunja mwenyewe gari lako. Na uwiano ukibadilika, spidomita nayo inakudanganya. Hata rimu: Land Cruiser za pikapu za zamani zina nati 6 kama Hilux, lakini za kuanzia mwaka 1999 ni nati 5. Mtu anaishia kutembea na spea tairi ya mbele na spea tairi ya nyuma. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

Huko kwa wenzetu mambo haya yanafanyika pia, tena sana. Wamarekani wanahamisha ekseli iitwayo Dana 60 kutoka gari moja kwenda jingine kama sisi tunavyobadilishana madesa. Lakini kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha kiwanda kinachotaja uzito wa gari na wa kila ekseli, na kibandiko hicho hakibadiliki eti kwa sababu umefunga chuma kikubwa. Australia ukitaka kuongeza uzito kihalali unabadilisha kifurushi kizima, gari linakaguliwa na linapewa sahani mpya. Sisemi tuige kila kitu. Ninachotaka mkione ni kwamba hata wenye mafundi wenye mashine za kila aina hawaihesabu ekseli kama ruhusa.

Kwetu hakuna anayeuliza. Mizani za barabarani zipo, na Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ipo, lakini inayalenga magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu linapita pembeni linapiga honi. Sheria ile inalinda lami, na lami haiogopi pikapu. Wa kuogopa ni aliyekaa juu ya gunia.

Nije kwenye lililonifanya niandike. Likizo iliyopita nilikuwa juu ya pikapu moja la kwetu, jioni, tunatoka mashambani kuelekea stesheni. Juu tulikuwa tisa, wakiwemo akina mama wawili na mtoto wa darasa la pili. Gurudumu la nyuma la kulia likatoka, lile lile la kukimbia mbele kama limetumwa dukani. Mchanga ulikuwa mwingi na mwendo wa kuku, kwa hiyo pikapu lilikaa chini tu, likaburuta bomba na kusimama. Gunia moja lilimwangukia mama mmoja mguuni, akavimba kifundo. Hakuna aliyekufa. Tulicheka hata, maana Mnyamwezi akipona lazima acheke, na mtoto ndiye aliyekwenda kulifuata gurudumu. Gari ni la mjomba wangu.

Wiki mbili zilizopita mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe ndiye uko huko kwenye vyuma. Pita pita Gerezani na Ilala, niangalizie ekseli ya Land Cruiser. Nikitoka na tumbaku na mahindi ya msimu huu nimeshairudisha hela." Nikamwambia, shikamoo mjomba, ekseli nitaitafuta, lakini utapakia magunia mangapi? Kimya kidogo. Halafu, "Ishirini yatakaa."

Sasa nisimwonee. Mjomba ana hoja zake, na mtu anayeandika kutoka kwenye kiti cha maktaba inabidi azisikilize. Anasema dizeli ya safari moja ni ile ile, ubebe kumi au ishirini (si kweli kabisa, lakini haiko mbali sana na kweli). Anasema dereva na utingo wanalipwa kwa siku. Anasema mvua zikianza ile mbuga haipitiki, kwa hiyo ana wiki chache tu za kutoa mazao ya watu, na wenye mazao wakiona huwezi wanampa mwenye trekta. Na anasema hili ambalo lilinikaa: "Nikibeba kumi, mpwa wangu, nafanya kazi ya dizeli. Faida iko kwenye yale ya juu."

Nikamwomba kitu kimoja. Hayo magunia kumi anayobeba sasa, ayapime. Godauni la jirani mizani ipo. Aliniona nasumbua, lakini akapima.

Hakuna hata moja lililokuwa la kilo 100. Yote lumbesa. Yale mabegani yana kilemba juu, yameshonwa kwa kamba na majani mpaka yana shingo. Kwa wastani wa kumi lile, gunia lilikuwa kilo 130. Piga hesabu mwenyewe: magunia kumi ni kilo 1,300. Pikapu la tani moja lilikuwa limeshazidiwa kilo 300 kabla hata sisi tisa hatujapanda. Na nauli ya mzigo inalipwa kwa gunia, hailipwi kwa kilo. Mjomba analipwa kwa magunia kumi, na kilo 300 anazibeba bure.

Someni tena hapo. Mtu anataka kununua ekseli, kwa hela ambayo angejengea, ili aweze kubeba bure mzigo ambao hakuna aliyemlipa. Mnunuzi anafaidi, maana analipa bei ya gunia na anapata gunia na robo. Mkulima anapunjwa. Mwenye pikapu anavunja shafti. Halafu mkulima na mwenye pikapu wanamlaumu fundi! Lumbesa imepigwa marufuku miaka nenda rudi, Wakala wa Vipimo wanalisema kila msimu, lakini tumezoea kuiona kama habari ya bei ya mazao tu. Mimi naiona kwenye beringi.

Na zile kilo 300 mara nyingi hazikai sehemu nzuri. Ya mwisho kupakiwa yanakaa nyuma, juu ya kile kibao cha bodi kilichofunguliwa. Chukua gari ambalo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma pana mita 3. Weka kilo 300 mita 1 nyuma ya ekseli. Ekseli haipati kilo 300, inapata 400, na zile 100 za ziada zimeng'olewa kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Ndiyo ule usukani mwepesi ambao madereva wanausifia, "leo gari linateleza kama siagi". Linateleza kwa sababu mbele haligusi ardhi vizuri, na mbele ndiko kwenye usukani na breki. Ekseli ya Land Cruiser hapo itakusaidia nini? Itakaa salama salimini huku gari lote likienda mtoni.

Nikiwa natafuta namna ya kumwambia mjomba bila kuonekana mtoto wa juzi, nikakumbuka wazee wetu wenyewe. Mpagazi wa karne ya 19 alikuwa anabeba kama frasila 2 za bidhaa. Frasila ni ratili 35, kwa hiyo mzigo ni kilo 32 hivi. Tani moja ilikuwa kazi ya wapagazi 31. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi ile kuliko mtu yeyote, watani zangu wa Pwani mnajua, msibishe. Na sifa ile haikutokana na kubeba chochote walichotwishwa. Stephen Rockel, kwenye kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao kuhusu mzigo, posho na mwendo, na walipoonewa waligoma. Mzigo ulikuwa na kiasi chake, na aliyeubeba alikuwa na sauti juu ya kiasi hicho. Pikapu halina mdomo. Linasema kwa springi, na springi ikisema tunaiongezea jani.

Mjomba alicheka sana nilipomwambia habari ya wapagazi 31. Akasema babu yake angeniona mimi ningetupwa Rubuga kwa kubeba vitabu tu.

Lakini tumefika mahali. Ekseli naitafuta, kwa sababu sitaki tena kuona mtoto anakimbiza gurudumu. Ila nimempa masharti, kama mpwa anaweza kumpa mjomba masharti. Tairi nne zenye namba 112 au zaidi ziingie siku hiyo hiyo. Silinda ya breki ibadilishwe pamoja na ekseli, na ile fimbo ya vali itengenezewe pa kufungwa. Nauli ya mzigo ianze kuwa ya kilo. Na magunia yabaki yenye jumla ya tani moja, yawe kumi ya kilo 100 au saba ya lumbesa, mwenye mazao achague. Watu juu ya mzigo hapana, isipokuwa mgonjwa, na mgonjwa akipanda magunia yanashuka. Hilo la watu limemkwaza kuliko yote. Anasema atawaambiaje majirani. Sina jibu zuri, maana hata mimi nikishuka treni saa nane za usiku na mabegi yangu sitapenda kuambiwa hapana.

La nauli kwa kilo ameshaanza kulisema kwa wenzake wawili wenye pikapu. Mmoja amekubali, mwingine anasema wateja watamkimbia waende kwa asiyepima. Inawezekana kabisa. Mmoja akipima peke yake ataonekana ana roho mbaya. Wakipima wote watatu, mnunuzi wa lumbesa itabidi atafute lori lake mwenyewe, na lori kule ndani mvua ikinyesha haliingii, kwa hiyo nguvu wanayo kuliko wanavyodhani.

Jana baada ya kipindi cha mwisho nilishuka Gerezani. Nimeona ekseli moja ya Land Cruiser ya nati 6, habu zake nzima, bomba halina mchomeleo, na gia za difu hazina jino lililomegeka. Nilihesabu meno kwa kuzungusha mkono mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kufanya mtihani. Bei tunavutana. Amenipa mpaka Jumamosi. Nikiipata itapanda treni, itashushwa Goweko stesheni, na atakayeichomelea ni fundi wa pale pale kwetu. Ninachokosa ni silinda ya breki ya kuendana nayo. Mdau yeyote anayejua duka la spea la kuaminika Tabora mjini au Ilala aniambie kabla ya Jumamosi, na kama kuna mtu wa uhandisi mitambo Hall 2 ana kile kipimo cha pembe cha kubandika kwenye chuma, naomba nikiazime kwa wiki tatu. Nitakirudisha na asali.